Ndege wa Mstari wa Tatu

Vijana wangu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, najua mnavyosema mkipita mbele ya mlango wangu: yule Mama Neema mshonaji, eti zamani alilipwa mjini kwa kutazama ndege. Ni kweli kabisa. Nililipwa miaka kumi na miwili, na kama magoti haya yasingegoma ningekuwa kule mpaka leo. Ila mnalisema mkicheka, na mimi sitaki kufa nikiacha kazi yangu ikichekwa na watu wasioijua. Basi nimeandika.

Lilongwe, nyuma ya mtaa mmoja wa nyumba za kuta ndefu na mbwa wakali, kuna kipande cha msitu kinachofuata mto Lingadzi. Si msitu wa kutisha. Ukisimama katikati yake unasikia honi za minibasi na mtu anayeuza mandasi. Mradi mmoja ulikuwa na ruhusa ya kushika ndege pale kwa nyavu, kuwavisha mguuni pete ndogo yenye namba, kuwapima, na kuwaachia. Kuanzia mwezi wa kumi huja ndege wadogo kutoka kaskazini kabisa, huko Ulaya na Urusi, wakikimbia baridi. Wanakaa kwetu msimu wa mvua, halafu wanarudi. Sisi tulikuwa watu wa kuwapokea.

Msimu ulipoanza nilikuwa nakaa mjini, mtaa wa Biwi, kwa Mama Esperance, dada yangu wa kanisa, mtu wa Fizi kule kwetu Kongo, kwa sababu nyavu zinafunguliwa alfajiri na kutoka Dzaleka nisingewahi. Siku ya kwanza nilipomweleza kazi yenyewe aliacha kukoroga nsima, ugali wa huku.

"Munashika ndege, munaipima, kisha munaiacha iende?"

"Njo vile."

"Hamukule hata moja?"

"Hata moja."

"Na banakulipa?"

"Banalipa."

"Yesu wangu! Kumbe kuko bantu kwenye dunia hii habajue njaa."

Nisimcheke sana Mama Esperance. Mimi mwenyewe nimekua Uvira nikitega ndege kwa ulimbo pamoja na kaka zangu, na tuliwachoma kwenye kijiti. Wiki ya kwanza pale Lingadzi, kila ndege mnene aliyeingia wavuni alinijaza mate mdomoni. Nasema ukweli, kwa sababu kazi yoyote mnayoifanya mtaiingia na tabia za zamani, na hizo ndizo zitakazowaangusha.

Nilichukuliwa kwa ajili ya mifuko. Ndege akitolewa wavuni huwekwa kwenye kifuko cha kitambaa, gizani, ili atulie mpaka apimwe. Niliambiwa nishone hamsini. Nilishona kama nguo za kipaimara, mshono umefichwa ndani, nje laini kabisa, nikampelekea msimamizi wa nyavu, Bambo Chisale; bambo kwa Kichewa ni baba, nami aliniita amayi, mama. Mzee huyu alikuwa Mmalawi wa mtaa wa Kawale, na ujanani alikuwa utingo wa malori ya Tunduma, ndiyo maana alijua Kiswahili, hicho cha barabarani. Alitia kidole ndani ya mfuko, akakizungusha, akakitoa na nyuzi mbili zimejinasa kwenye ukucha.

"Amayi, nguo hii inavaliwa na nani?"

"Ndege, Bambo."

"Anavaa nje au anakaa ndani?"

Alikuwa amekwisha sema yote. Nikageuza mifuko hamsini, mshono nje, ulaini ndani. Mpaka leo nikishona nguo ya mtoto mchanga naanza kwa kujiuliza ni upande gani utakaomgusa. Wateja wananiambia nguo zangu ni mbaya kwa nje lakini watoto hawalii.

Bambo Chisale alinifundisha miaka miwili tu, kisha akastaafu. Kumi iliyofuata niliishi kwa mafundisho yake. Alinifundisha kumtoa ndege wavuni: usikimbilie kichwa. Jiulize kwanza ameingia upande gani, maana alipoingilia ndipo atakapotokea. Fungua miguu, kisha tumbo, bawa moja, bawa la pili, kichwa cha mwisho. Shingo yake ikae kati ya vidole viwili, mgongo wake kwenye kiganja, na usibane, kwa kuwa ndege anapumua kwa kifua chote. Ukianza kukasirikia uzi, shusha mikono, vuta pumzi, ndipo urudi. Kwa ndege wa mdomo mnene hayo yote hayakusaidii, atakuuma tu. Wa kwanza aliniuma hapa, kwenye nyama ya kidole gumba, nikapiga kelele hadi mbwa wa mtaa mzima wakajibu.

Na zaidi ya yote alinifundisha sheria moja: ndege kwanza, daftari baadaye. Ndege aliyeshikwa akianza kuvimba manyoya na kufumba macho mchana, huyo anakata tamaa. Hata kama hujampima, hata kama ni ndege ambaye wataalamu wote duniani wanamtafuta, mwachie saa ileile. Sheria hiyo niliisikia kila siku mpaka nikaona kama anarudiarudia kwa uzee.

Katika wageni wale kulikuwa na mmoja ambaye Bambo Chisale alimpenda kuliko wote. Jina lake la kitabu sikulishika. Ni ndege mdogo sana, mgongo wa rangi ya majani yanayoanza kukauka, tumbo la njano hafifu, na mstari mweupe juu ya jicho. Mzee alimwita mlendo, ni mgeni kwa Kichewa. Uzito wake ni vijiko viwili vya chai vya sukari. Mara ya kwanza aliponiwekea mmoja mkononi sikuhisi uzito wowote, nilihisi joto, na moyo unaokimbia kuliko cherehani. Akaninong'oneza niinamishe kichwa, akampuliza manyoya ya tumbo yakafunguka. Ngozi ya mlendo ni nyembamba mno, unaona ndani. Pale chini ya koo kuna kishimo. Akiwa anajiandaa kusafiri kishimo hicho hujaa mafuta ya njano. Huyu wetu kilikuwa kitupu.

"Ile ndiyo petroli yake," Bambo Chisale akasema. "Tangi limekwisha. Amevuka jangwa lote kwa petroli ile, Amayi. Hana ramani, hana dereva, na wengine ndiyo safari yao ya kwanza, wamezaliwa mwaka huu."

Mimi nilikuja Malawi kwa boti, kwa lori na kwa miguu, nikiwa na mume na watoto wa kunishika mkono, na bado nilipotea njia mara mbili. Nikauliza swali la kijinga.

"Bambo, huyu alipita Uvira?"

"Huyu hasimami mpakani kugonga muhuri. Sijui. Hakuna anayejua."

Labda alipita. Labda alilala kwenye miti ya milimani juu ya ziwa letu, juu ya mahali tulipomzika mama yangu. Nilimwonea wivu, vijana, nasema wazi. Wageni wa mradi walikuwa wanapenda kuniambia kwa sauti ya huruma kwamba ndege hawa ni wakimbizi kama mimi. Sikuwa nakubali. Mkimbizi hajui kama atarudi. Huyu anaenda na kurudi kila mwaka na nyumba mbili zinamngoja, huyo ni tajiri.

Sasa sikilizeni alichokuwa anakitaka Bambo Chisale. Wataalamu walimwambia kwamba mlendo harudi Malawi tu, au Lilongwe tu, bali anaweza kurudi kwenye kichaka kilekile alichokaa mwaka uliopita. Nyavu zetu zilisimama kwa mistari, na kwenye mstari wa tatu, karibu na maji, palikuwa na kichaka cha miiba ambacho walendo walikipenda. Kwa miaka tisa Bambo Chisale alikuwa amewavisha pete pale kwa mkono wake. Katika miaka hiyo yote hakurudi hata mmoja mwenye pete yake.

"Wao wameandika kwenye kitabu," aliniambia. "Mimi nataka mkono wangu uone."

Mkono, si jicho, kwa sababu macho yalikuwa yanamwacha. Mtoto wa jicho alikuwa amefunika yote mawili. Msimu wangu wa pili ndio ulikuwa wake wa mwisho: mwezi wa kumi na moja ukiisha, anastaafu. Kila asubuhi nilimwona akienda mstari wa tatu peke yake, akiinama kwa kila mguu mdogo na kuupapasa kwa ncha ya kidole kutafuta pete. Yohane, kijana wetu wa daftari, aliacha utani kabisa mzee akiwa pale.

Na katika mwezi huohuo mimi nikafanya kosa langu.

Mbuzi walikuwa wamevunja ua wakapita ndani ya nyavu za mstari wa tatu. Kwa kuwa mimi ni mshonaji nikapewa nizirekebishe. Nilizipeleka Biwi, nikakaa nazo siku tatu uani kwa Mama Esperance. Wavu ule ni mweusi, uzi wake mwembamba kama unywele, na umegawanywa kwa kamba za mlalo. Nikaona kwamba kati ya kamba na kamba uzi umelegea, unaning'inia kama tumbo. Mtanielewa wale mnaoshona: nguo iliyolegea ni aibu ya fundi. Nikasema mbuzi wameuvuta, masikini. Nikaziba matundu, na pale palipolegea nikakaza, tumbo baada ya tumbo. Nilipomaliza ulinyooka kama kitambaa cha altare. Yohane aliusifu. Mimi nilijisifu zaidi, kimoyomoyo.

Siku nne mstari wa tatu haukushika kitu.

Mistari mingine ilishika, lakini huko hawakai walendo. Bambo Chisale hakuweza kuona wavu ulivyo, aliona ukungu tu. Alidhani wageni hawajafika, au wamefika wakakuta miti iliyokatwa upande wa juu wa mto na kupita moja kwa moja. Siku ya tatu hakunywa chai yake. Siku ya nne alikaa kwenye gogo, mikono magotini, akasema labda kitabu kimesema uongo.

Asubuhi ya tano nilijificha nyuma ya mti niutazame wavu wangu. Akaja mlendo, mzima kabisa, akitoka kichakani moja kwa moja. Akagonga wavu, ukamrusha nyuma kama mpira kwenye ukuta, akajitikisa, akaondoka zake. Ule ulegevu niliouonea aibu ndio uliokuwa unashika. Ndege anagonga, anateleza, anaangukia kwenye lile tumbo na kulala humo. Mimi nilikuwa nimeziba matumbo yote.

Jamani, nilitafuta uongo. Ningeweza kusema jua limekausha uzi. Nani angejua? Nilisimama pale nikiupanga huo uongo vizuri, kisha nikamwona mzee anakuja na fimbo yake anapapasa njia, kidole kimekwisha kunyooka tayari kutafuta pete.

"Bambo, ndege bamefika zamani. Mi njo nimebafungia mulango."

Nikamweleza. Alipitisha kiganja kwenye wavu kutoka nguzo hadi nguzo. Nilitamani anitukane.

"Amayi, umejenga ukuta," alisema. Halafu sauti ikapanda, mara ya kwanza na ya mwisho kwangu. "Siku nne! Siku nne za mwezi wa kumi na moja! Unajua mimi nimebakiwa na ngapi?"

Nilijua. Tulikaa chini siku ile tukafumua fundo kwa fundo, mimi kwa macho na yeye kwa vidole. Mchana akanipa nusu ya kiazi chake kitamu. Mliowahi kumkosea Mmalawi wa umri wake mnajua maana ya nusu kiazi.

Wiki ya mwisho hospitali ikamwita kwa ajili ya jicho la kulia. Alikuwa ameisubiri nafasi hiyo muda mrefu, na wanawe wakamlazimisha aende. Akafanyiwa upasuaji, akaambiwa apumzike nyumbani Kawale. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu kwenye mstari wa tatu asubuhi ile, na mawingu yalikuwa yamesimama upande wa Kanengo, meusi.

Mlendo alikuwa kwenye tumbo la chini la wavu. Nikaanza kwa miguu kama nilivyofundishwa, na chini ya kidole changu nikahisi kitu kigumu.

Nilimtoa, nikatembea hadi meza ya Yohane, kwenye kibanda chetu cha bati, ingawa miguu ilitaka kukimbia. Nikasoma namba, tarakimu moja moja. Yohane akafungua daftari la mwaka uliopita, akashuka na kidole, akasimama. Akaligeuza nione mwenyewe: mwezi wa kumi na moja, mstari wa tatu, aliyevisha ni Chisale.

Vijana, hebu fikirini. Vijiko viwili vya sukari. Alitoka kichaka kile, nyuma ya nyumba za wakubwa, akaenda mpaka mahali ambapo mimi sitafika kamwe, akavuka jangwa mara mbili na nchi ambazo watu wanapigana, akarudi kwenye miiba ileile. Niliegemeza viwiko mezani nisije nikambana.

Yohane alishapiga simu. Sauti ya mzee ilisikika hadi kwangu: "Mshikeni! Nachukua kabaza! Dakika ishirini tu, mshikeni!"

Nikamweka mfukoni, nikauning'iniza kivulini. Dakika tano nikachungulia, alikuwa macho. Dakika kumi, ngurumo. Nikachungulia tena. Alikuwa amevimba kama kipande cha pamba, na jicho lililokuwa upande wangu lilikuwa linafumba.

"Mama Neema, bado kidogo tu," Yohane akasema. "Atakuwa amefika darajani. Miaka tisa, Mama!"

Nilijua ni miaka tisa. Nilijua pia siku nne nilizomwibia. Hakuna kitu duniani nilichotaka kama kumwekea mzee yule ndege mkononi. Nikautoa mfuko kwenye msumari, nikakimbia nao kwa magoti yangu haya hadi kichakani, nikafungua kiganja. Alikaa pale muda mrefu, nikadhani nimechelewa. Halafu akafumbua jicho, akaruka, akaingia miibani chini kabisa, pakavu. Matone ya kwanza yalinipiga nikiwa bado nimenyoosha mkono.

Bambo Chisale alishuka kwenye baiskeli ya kabaza amelowa, bandeji kwenye jicho moja, mfuko wa plastiki kichwani. Hakusalimia. Alinyoosha viganja vyote viwili mbele yangu, vikiwa vimeungana.

"Bambo," nikasema, "nimemuacha."

Mvua ilipiga bati.

"Alifumba macho?"

"Alifumba. Alivimba pia."

"Na mvua ilikuwa inakuja."

"Ilikuwa inakuja."

Alikaa kwenye kiti. Akaniambia nimsomee namba, nikasoma. Akasema tena, nikasoma tena. Nikangoja hasira, na ilikuwa haki yake.

"Mguu wake," akasema. "Pete yangu imemkwaruza? Kuna kidonda?"

"Hapana, Bambo. Mguu muzuri. Pete inazunguka yenyewe."

Ndipo uso wake ukakunjamana. Alilia waziwazi, na lile jicho lililofungwa likalowesha bandeji.

"Miaka tisa nawavisha," alisema, "na hakuna aliyerudi. Nikawa nawaza usiku, Chisale, labda wewe ndiye unayewaua. Labda vyuma vyako vinawashinda huko jangwani. Sikumwambia mtu. Nikisikia mmoja amerudi, mguu mzima, basi nimemaliza."

Sikujua. Miaka miwili nilidhani mzee anataka kujifurahisha, kumbe alikuwa anabeba kesi kifuani.

Mvua ikapita upesi, kama zile za mwanzo. Jua likatoka, majani yakaanza kutoa mvuke, na msitu mzima ukajaa sauti, maana wadudu hutoka baada ya mvua na kila ndege ana njaa. Hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote ya kufungua nyavu, Yohane akainuka kwenda.

"Mstari wa tatu uache," Bambo Chisale alisema.

Akaenda mwenyewe, fimbo mkononi, na mimi nyuma yake. Kichakani kulikuwa na sauti ndogo inayopanda, fupi, kama mtu anayeuliza jambo kwa upole. Ndiyo sauti ya mlendo. Mzee aligeuza sikio, akasimama hivyo mpaka maji yaliyokuwa yakidondoka kwenye kofia yake yakaisha. Kisha akaanza kuuondoa wavu kwenye nguzo, kamba kwa kamba, na kuukunja kifuani.

"Amefika, Amayi," alisema. "Mwache ale."